Kahawa ya Bukoba ya kutafuna (akamwani), asili yake ni wapi na mbona ladha yake iko hivi?

mke_wa_Muleba

Habari za jioni wakuu. Mi ni mtu wa Dodoma nimeolewa Kagera, na mwezi uliopita ndo nimefika ukweni kwa mara ya kwanza huko Muleba. Sasa tumekaa tu sebuleni hata chai haijaja, mama mkwe akatoka chumbani na kikapu kidogo cha kusuka chenye mfuniko, akafungua akanimiminia kiganjani punje kama nane hivi, rangi ya udongo uliokolea, zimekunjamana kama zabibu kavu ila ngumu, akasema tafuna mwanangu ni kahawa. Nikadhani sijasikia vizuri. Mume wangu akachukua zake akatupia mdomoni akaendelea kuongea na baba yake kama mtu anayekula karanga.

Nikatafuna. Ganda la juu linavunjika kwa mlio kidogo, kwanza unapata kautamu kwa mbali na moshi na harufu ya majani fulani ambayo sikuyajua, afu ukifika kwenye mbegu yenyewe ndo uchungu unakuja taratibu unakaa kwenye ulimi muda mrefu. Sikuitema, na kusema kweli nilizimaliza zote nane.

Wakati wa kuondoka nikafungiwa kilo mbili za unga wa kahawa iliyokaangwa pale pale nyumbani. Nimerudi Dar nikaipika kama navopika ile ya Kilimanjaro, vijiko vile vile, maji yale yale, ikatoka chungu mno na nzito, inakaba. Nikapeleka kazini kidogo, mwenzangu mmoja anayejua mambo ya kahawa akanusa akasema hii ni robusta hii, ya daraja la chini, ya kuchanganyia viwandani. Iliniuma kwa sababu niliona yule mama anavoishika ile kahawa, haishiki kama kitu cha daraja la chini.

Naomba mnisaidie. Hii ya kutafuna wanaitengenezaje, ilianza lini, ni kweli ilikuwepo kabla ya wazungu au ni hadithi za ukweni? Na hii ya unga niipikeje isinishinde?

Mtoto_wa_Kamachumu

Waitu dada karibu sana ukweni, umepokelewa kwa heshima kamili. Hiyo inaitwa akamwani na kwetu ukiingia nyumba ya Mhaya wa zamani hicho ndo kitu cha kwanza kabla ya lubisi (pombe ya ndizi) kabla ya chakula kabla ya habari. Mgeni asipopewa anajua kuna jambo.

Nikwambie bibi yangu alivokuwa anaifanya maana nimekaa naye miaka sita. Kahawa yetu haikai shamba lake peke yake, iko ndani ya kibanja humo humo kwenye migomba, migomba inaipa kivuli na majani yake yakioza chini yanailisha. Kahawa ya kunywa au ya kuuza unasubiri iwe nyekundu kabisa, lakini ya akamwani bibi alikuwa anachuma zile ambazo zimekomaa tu zinaanza kugeuka rangi, bado zina ukijani, alisema zikiiva sana zinapasukia kwenye chungu. Anaziosha anaziweka kwenye chungu na nyasi za kunukia ambazo alikuwa anazipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, anafunika kwa majani ya mgomba anachemsha kwa moto mdogo, nyumba nzima inanukia, sisi watoto tunajua leo hakuna kuchezea jikoni. Akiepua anaanika juani siku kadhaa halafu anazipandisha juu ya dari la jiko zipate moshi, ndo huo moshi uliousikia. Hapo zinakaa muda mrefu sana bila kuharibika. Hakaangi, hakoboi, unatafuna na ganda lake.

Kitu kimoja naomba uangalie ukirudi. Mwenyeji anaanza kutafuna yeye mbele yako au anachagua kutoka kikapu kile kile unachokula wewe. Hiyo ina maana yake, kwamba hakuna kibaya humu. Bibi alikuwa hampi mtu kahawa huku amesimama, lazima akae.

Mlima_Kibo

Mi ni wa Kibosho na nimekua kwenye kahawa toka naanza kutembea kwa hiyo naongea kwa heshima zote. Ila tuwe wakweli, kahawa Tanzania imeletwa na wamisionari, mapadri wa Roho Mtakatifu ndo waliileta mlimani kule Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya hapo walikuwa nayo Bagamoyo. Hilo kila mtoto wa mlimani analijua. Na kuhusu ladha, arabika, ile aina ya mlimani kwetu, ina uchachu mzuri ina harufu ya maua, robusta ina uchungu tu na kafeini nyingi, ndo maana bei yake ipo chini duniani kote. Sisemi mama mkwe wa dada amekosea ila mwenzake wa kazini hajadanganya.

Bwana_Shamba_K

Mkuu Mlima_Kibo uko sahihi kuhusu arabika ya Kilimanjaro, hilo halina ubishi. Ila historia ya mlima mmoja umeifanya ya nchi nzima. Mimi nimefanya kazi ya ugani Kagera zaidi ya miaka kumi na tano, acha niandike kidogo, nitakuwa mrefu mnisamehe.

Robusta kwa jina la kitaalamu ni Coffea canephora, asili yake ni misitu ya Afrika yenyewe kuanzia magharibi kupitia Kongo mpaka huku Ziwa Victoria. Wataalamu wa Ulaya waliipa jina hilo 1897, lakini watu wa ziwa hawakuwa wanasubiri jina. Mpelelezi Mwingereza Speke alipita Karagwe kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa 1861, na mwaka 1862 alipovuka kuingia Buddu upande wa Masaka akakuta mikahawa imejaa na watu wanatafuna matunda yake. Wajerumani kituo chao cha Bukoba kimeanza 1890. Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Na angalia hata jina, huko pwani tunasema kahawa na buni, maneno yaliyokuja na Waarabu, Mhaya anasema mwani, Mganda anasema mmwanyi, ni neno lao wenyewe la huko ziwani.

Zamani za Abakama (wafalme wa Kihaya) kahawa haikuwa ya kila mtu kupanda anavyotaka, ilikuwa chini ya mfalme na wakubwa wake, ni kitu cha heshima na cha ibada. Walichofanya wakoloni Kagera ni kuigeuza ile kahawa ya heshima iwe zao la biashara, kila mtu apande auze. Arabika nayo ililetwa, mpaka leo kuna arabika Karagwe na kwingine, ila kwa Bukoba, Muleba na Missenyi mkubwa ni robusta.

Sasa jambo ambalo watu wengi wa arabika hawalijui na mimi hulisema kila nikipata nafasi. Arabika ni mtoto wa robusta. Si maneno ya ushabiki, ni vinasaba. Zamani sana huko porini canephora ilikutana na ndugu yake mwingine anaitwa eugenioides, wakazaa arabika, ndo maana arabika ina kromosomu 44 wakati robusta ina 22. Kwa hiyo huyu anayeitwa wa daraja la chini ni mzazi.

Kuhusu uchungu, ni kweli kafeini ya robusta inakaribia mara mbili ya arabika, na kafeini ni chungu, hiyo inasaidia mmea kujikinga na wadudu. Lakini nawaambia kwa uzoefu wangu, ubaya mwingi ambao watu wanasema ni wa robusta si wa mti. Ni wa namna tunavyoichuma na kuianika. Mkulima anachuma kwa kukwanyua tawi zima, nyekundu, kijani na nyeusi vyote ndani ya gunia moja, anaanika chini kwenye udongo, usiku haifunikwi, mvua inainyeshea, kuku wanapita juu yake, baada ya wiki tatu unataka iwe na ladha gani? Itakuwa na ladha ya udongo na ukungu. Kahawa maganda ya namna hiyo ikikobolewa ikikaangwa hata ingekuwa arabika ingekaba. Nimewahi kukaa na kikundi cha akina mama, tukachuma nyekundu tupu, tukaanika kwenye chanja siyo chini, tukageuza kila baada ya saa chache na kufunika jioni. Tulipoonja wao wenyewe walishangaa, ni kahawa yao ya miaka yote lakini ikawa na ladha kama kakao na karanga zilizokaangwa, nzito mdomoni, uchachu karibu hakuna, na mwisho kautamu. Mama mmoja alikaa kimya akaomba aongezewe.

Mlima_Kibo

Hilo la kromosomu nilikuwa silijui kabisa. Asante bwana shamba, naomba nikosoe nilichosema, kahawa ya mlimani ndo imeletwa na wamisionari, si kahawa yote. Swali langu, kama inajulikana hivyo kwanini wakulima hawachumi nyekundu tu? Kwetu chama kinakataa mbichi.

Mtoto_wa_Kamachumu

Kaka nitakujibu mimi maana hili limepita nyumbani kwetu. Kuna kitu kinaitwa butura. Unauza kahawa ikiwa bado maua au bado kijani juu ya mti. Mwaka nilipofaulu kwenda sekondari baba hakuwa na pesa ya ada, akaja mfanyabiashara mmoja mwezi wa pili akaikagua miti yetu kwa macho tu, akataja bei, baba akapokea. Kwenye msimu ile kahawa ilikuwa na thamani zaidi ya mara tatu ya alichopewa. Na aliyenunua hasubiri iive maana anaogopa baba ataiba ya kwake mwenyewe, anatuma vijana wanakwanyua yote mbichi kwa siku moja, matawi yanavunjika, mwaka unaofuata mti hauzai vizuri. Butura imekatazwa na viongozi wanaikemea kila mwaka lakini ada ya mtoto haisubiri Julai. Hapo ndo uchungu mwingine wa kahawa yetu unapotoka ndugu yangu.

Ongeza na mnyauko. Miaka ya 1990 ulipoingia mti unakauka kuanzia juu unaushuhudia kwa macho, wiki chache tu umekufa, dawa hakuna unang'oa na kuchoma. Kibanja cha bibi kilikuwa na miti ambayo hakuna aliyekuwa hai anayejua aliyeipanda. Ilibaki minne.

Bwana_Shamba_K

Pole sana. Ule ni mnyauko fuzari, ni ugonjwa wa ukungu, unaishambulia robusta vibaya sana. Kituo cha TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) cha Maruku hapo Bukoba kina miche inayostahimili, inazalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya mti vinavyooteshwa. Na hapo kuna jambo la kuelewa, robusta haijichavushi yenyewe kama arabika, lazima ipate chavua ya mti mwingine, kwa hiyo ukipanda mbegu mtoto hafanani na mama, ndo maana kwenye kibanja kimoja unakuta mti huu punje kubwa na ule punje ndogo na ladha zinatofautiana. Kama hiyo minne bado ipo naomba usiiruhusu ikatwe, miti iliyopona yenyewe ina thamani kubwa, wapelekee taarifa Maruku.

Mtoto_wa_Kamachumu

Ipo. Nitampigia mdogo wangu leo leo.

dele_na_kashata

Nimesoma yote kwa furaha, mi ni muuza kahawa Tanga, baba yangu aliuza na babu aliuza, niseme kidogo upande wa kupika maana dada aliuliza na bado hajajibiwa.

Sisi wa kahawa chungu tunaijua robusta na tunaipenda. Arabika peke yake kwenye dele ikikaa juu ya makaa muda mrefu inapotea, inakuwa kali ya uchachu, inachacha. Robusta inavumilia moto, unaweza ukaizungusha mtaani toka alasiri mpaka baada ya isha na bado ina nguvu. Mi nachanganya, robusta nyingi arabika kidogo kwa ajili ya harufu.

Dada kosa lako ni moja, umetumia vijiko vile vile. Ya Bukoba punguza, kama ya Kilimanjaro unaweka vijiko vitatu hii weka kimoja na nusu. Maji yachemke kwanza, tia kahawa, acha ipande povu mara moja ushushe, ipande tena ushushe, halafu iache itulie mashapo yashuke ndo umimine taratibu, usikoroge tena. Tangawizi kavu iliyopondwa kidogo tu, au iliki mbili. Na usinywe kwenye kikombe cha chai hicho kikubwa, hii ni ya finjani, mafunda mawili matatu, na kitu kitamu pembeni, kashata ya karanga au tende. Uchungu wake umetengenezwa ukutane na utamu. Wengi wanaoilaumu wanaijaza kwenye kikombe cha nusu lita na sukari vijiko vinne.

Angalia pia walivyoikaanga. Ikiwa nyeusi tii inayong'aa mafuta ujue wameipitisha, hapo unachosikia ni mkaa. Iwe rangi ya mbao ya mninga.

Masaka_road

Salamu kutoka Uganda majirani, nimefurahi sana kuona Buddu imetajwa, ndiko kwetu. Kiswahili changu si kizuri sana lakini nataka kuongeza kitu kwa dada.

Tunda moja la kahawa likipasuliwa lina mbegu mbili zimelala pamoja uso kwa uso. Babu zetu Buganda na hao ndugu zetu Wahaya walilitumia hilo kwa kufanya undugu wa damu, sisi tunaita omukago. Watu wawili si ndugu wa kuzaliwa lakini wanataka kuwa ndugu. Wanachanja kidogo kwenye tumbo karibu na kitovu, kila mmoja anachukua mbegu moja ya tunda lile lile anaipaka damu yake, halafu wanabadilishana wanameza. Kuanzia hapo watoto wako ni watoto wake, shida yako ni shida yake, hawezi kukukana. Babu yangu alikuwa na ndugu wa namna hiyo ng'ambo ya Mto Kagera, upande wenu wa Tanzania. Mpaka alipokufa walikuwa wanatutumia ndizi na sisi tunatuma chumvi na nguo, na kwenye msiba wake yule mzee alikuja, akakaa mahali anapokaa ndugu wa tumbo moja, hakuna aliyemuuliza.

Siku hizi mambo ya damu yameachwa kwa sababu ya magonjwa na dini. Lakini kikapu cha kahawa bado kinapita. Kwa hiyo mama mkwe alipokupa zile punje, dada, hakukupa kitafunwa.

Mlima_Kibo

Hii sijawahi kuisoma popote. Webale nnyo kaka.

kijana_wa_Kashai

Kwa walioko Bukoba mjini akamwani inauzwa sokoni hadi stendi imefungwa kwenye majani ya mgomba yaliyokaushwa, vifungo vidogo vidogo, ukisafiri usiku na basi unatafuna njiani usingizi hauji. Msiwape watoto.

mke_wa_Muleba

Wakuu nimerudi, nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nasoma kila kitu namsomea na mume wangu. Yeye amezaliwa kule na hili la omukago alikuwa analijua nusu nusu tu, amempigia baba yake simu wameongea karibu saa nzima, ikaja kugundulika baba mkwe naye jina lake la pili amepewa kutokana na ndugu wa damu wa babu yake. Mume wangu ana miaka 38 hajawahi kuambiwa.

Leo asubuhi nimepika kama alivosema dele_na_kashata. Kijiko kimoja na nusu, povu mara mbili, iliki mbili, nikaiacha itulie. Sina finjani nikatumia vile vikombe vidogo vya wageni. Nikaweka tende pembeni. Ni kahawa nyingine kabisa wakuu. Uchungu upo lakini umekaa mahali pake, na nyuma yake ile harufu ya karanga zilizokaangwa aliyoisema bwana shamba nimeisikia waziwazi, nikamwita jirani naye akasema inanukia kama nyumba inayokaanga mtama. Sehemu iliyobaki ya ukali nadhani ni ya kukaanga, nikiangalia unga ni mweusi kuliko mninga.

Nimempigia mama mkwe nikamuuliza zile nyasi anazochemshia akamwani zinaitwaje. Alicheka sana akasema hayo hayasemwi kwenye simu, njoo mwezi wa sita wakati wa kuchuma nikuoneshe kwa mikono. Nimeshaomba likizo.

Mtoto_wa_Kamachumu

Nenda na kanga mpya ya kumpa. Na ukifika usisubiri uambiwe, ingia naye jikoni.